Mhudumu wa Afya Kitongojini: Mchagueni Vizuri, Mtumieni, Mdaini

Mtendaji akibandika tangazo kwamba kitongoji kitachagua wahudumu wa afya ngazi ya jamii, usiseme una shamba la kupalilia. Nenda. Mikutano ya namna hii ndiyo inayokosa watu, halafu wachache waliojitokeza chini ya mwembe wanampitisha mpwa wa mwenyekiti kwa sababu amemaliza kidato cha nne na hana kazi. Kijana mwenyewe si mbaya. Ila hajamaliza hata mwaka anapata kibarua mjini, anaondoka, na kitongoji kinabaki na fulana, mkoba na daftari visivyo na mwenyewe.

Januari 31, 2024, jijini Dar es Salaam, Dkt. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais, alizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu hawa. Lengo lililotajwa ni wahudumu 137,294. Tarakimu hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ufanye hesabu: Tanzania Bara ina vitongoji 64,384 na mitaa 4,263, na kila kimoja kimepangiwa watu wawili. Wanapewa mafunzo ya miezi sita, darasani na kwa vitendo, kisha wanarudi kuhudumia walikotoka. Mpango ni wa miaka mitano na unakwenda kwa awamu, hivyo inawezekana kwenu bado haujafika. Huo ndio wakati mzuri wa kujiandaa.

Kabla ya hapo tulikuwa na utitiri. Huyu ni wa Ukimwi, yule wa kifua kikuu, mwingine wa lishe, wa nne wa vyandarua, kila mmoja na mradi wake, fulana yake na semina zake. Mama mmoja angeweza kutembelewa na watatu kwa wiki moja, na jirani yake asiye na ugonjwa wenye mfadhili asifikiwe na yeyote. Sasa nia ni kuwa na mhudumu anayeijua kaya nzima: nani mjamzito, nani hajachanjwa, nani anakohoa, mzee gani ameacha dawa za presha. Ni nia nzuri. Itafanikiwa au itakwama kutegemea mambo ambayo mengi yako mikononi mwa wanakijiji wenyewe, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze.

Tuanze na uchaguzi. Fomu itauliza umri, elimu na makazi. Haitauliza kama mtu huyo akipiga hodi anakaribishwa hadi ndani au anaishia barazani. Hilo mnalijua ninyi. Mwenye kesi za mipaka na nusu ya kitongoji hataingia katika nusu ya nyumba, hata awe na cheti cha namna gani. Mwenye mdomo mwepesi msimchague kabisa. Nitarudi kwenye hilo. Mama wa makamo anayeuza mboga kwenye genge lake, ambaye tayari wasichana humfuata kumuuliza mambo, anaweza kuwafaa kuliko kijana msomi, mradi asome na kuandika bila taabu, kwa maana kuna fomu za kujaza na mara nyingi simu ya kuingizia taarifa.

Wawe mwanamke na mwanamume. Mama aliyejifungua juzi ana mambo ambayo hatamwonyesha mwanamume wa jirani. Na wapo akina baba ambao mwanamke akiwaambia wakapime kifua kikuu wanacheka, lakini mwanamume mwenzao akisema wanakwenda. Ningependa isiwe hivyo, ila kazi inafanywa na watu waliopo.

Waulizeni wagombea pale pale mkutanoni: msimu wa kilimo unahamia wapi? Wengi wetu huwa na shamba la mbali tunakolala hadi mavuno. Na mwenzi wako anajua kwamba utaitwa usiku? Maswali haya hayamdhalilishi mtu, na yataepusha mengi mbele ya safari.

Akishahitimu na kukabidhiwa kaya zake, jambo la kwanza ni kujua anaweza nini na hawezi nini. Si daktari. Hachomi sindano, hatundiki dripu, hang'oi jino, na dawa anazotoa ni zile chache tu alizofundishwa na kukabidhiwa na zahanati. Katika baadhi ya maeneo amefunzwa kupima malaria kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa mseto. Kwingine kazi yake ni kukutambua na kukupeleka. Ulizeni zahanati kwenu ni ipi kati ya hizo mbili, ili asilaumiwe kwa kukataa asichoruhusiwa. Ukimwona anauza vidonge kwenye mfuko wake, huyo ameacha kazi yake na kufungua duka.

Anachoweza, akifundishwa vizuri, kinaokoa watu. Chukua mtoto wa miezi minane anayekohoa tangu juzi. Mhudumu anapiga hodi, anamwamkia bibi, anapewa kigoda. Hakimbilii dawa. Anauliza kwanza: ananyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea kiasi cha kutoamka? Jibu baya kwa lolote kati ya hayo linamaliza mazungumzo, na safari ya zahanati inaanza. Yote yakiwa salama, anangoja mtoto atulie, kwa sababu pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Anaomba nguo ipandishwe, anatazama tumbo linavyopanda na kushuka huku akitazama saa, dakika nzima. Si nusu dakika halafu kuzidisha mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 akifikisha 40, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa na huenda ni nimonia. Mchanga wa chini ya miezi 2, mpaka ni 60. Na kifua kikibonyea kwa ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, hata hesabu haina haja, ni kuondoka.

Bibi anaweza kuiona dakika hiyo ya kimya kama uvivu. Mtu gani huyu amekuja kukodolea macho tumbo la mtoto? Mwacheni ahesabu. Tena mwombeni awafundishe na ninyi, maana usiku wa manane anayelala na mtoto ni mama yake. Mhudumu anayetazama mara moja, akasema "ni mafua tu" na kunyanyuka, huyo mdaini ile dakika.

Utepe wa rangi anaofunga kwenye mkono wa mtoto nao ueleweni. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, unapimwa katikati ya bega na kiwiko. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Njano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa kadiri, na mtoto wa njano asisubiriwe awe mwekundu. Lakini utepe unaweza kudanganya: mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, ni mgonjwa mahututi hata mkono wake ukiwa mnene. Hapa ndipo penye tatizo letu wenyewe. Sehemu nyingi za nchi mtoto aliyekonda au kuvimba huambiwa kabemendwa, yaani wazazi wake wamekosa uaminifu au wamekutana kabla ya wakati. Mama anayesemwa hivyo hamleti mtoto hadharani siku ya upimaji. Anamficha ndani, anamfunika khanga, na kila siku inayopita ni hasara. Mhudumu mwenye busara hatamtangazia mama huyo habari za lishe mbele ya mawifi. Atamfuata kisimani, watazungumza wakiwa wawili. Na wewe jirani, ukifunga mdomo wako kuhusu kubemenda umeshamsaidia mtoto huyo kufika zahanati.

Kuhara nitapita haraka kwa kuwa wengi mnajua: pakiti ya ORS kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1, ukipita mchana na usiku yamwagwe na kukorogwa mengine, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Hizo zinki ndizo zinazoachwa siku ya tatu mtoto akipata nafuu. Zimalizeni. Damu kwenye kinyesi au macho yaliyodidimia, twende zahanati.

Wiki ya kwanza ya mtoto mchanga ndiyo ninayotaka muikazie zaidi. Takriban robo tatu ya vifo vyote vya watoto wachanga duniani hutokea ndani ya siku saba za mwanzo, na siku hizo kwa desturi zetu mama na mtoto wako ndani, hawatoki. Wazee walikuwa na sababu zao, na mapumziko kwa mzazi ni jambo jema. Basi kama mzazi hatoki, anayejua dalili za hatari lazima aingie. Mpangeni mhudumu aje siku ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, siku ya tatu, na siku ya saba. Atazame kama mtoto ananyonya kwa nguvu, ana joto la kawaida si la moto wala baridi ya miguu, hana umanjano unaoshuka hadi viganjani na nyayoni, na kitovu hakina wekundu wala usaha wala kilichopakwa. Amuulize mama kuhusu damu: inapungua au inaongezeka? Anaumwa kichwa kikali, anaona maluweluwe? Presha ya uzazi haikomi siku ya kujifungua. Mkunga wa jadi na bibi wa nyumba wawepo wakati wa ziara hizi, wasiwekwe kando. Akishaelewa kwa nini kitovu kisipakwe majivu, bibi huyo atawazuia wengine hata mhudumu asipokuwepo.

Mimba changa nayo ina kikwazo chake. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Kwetu wiki ya 12 mimba bado ni siri, kwa kuogopa macho ya watu. Siwalaumu wanaoficha. Ila mhudumu mwanamke anayeaminika anaweza kuambiwa peke yake, akapanga nawe siku ya kliniki ambayo haina msongamano, na hakuna atakayejua umekwenda kwa lipi.

Sasa rufaa, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mhudumu anaandika karatasi, anasema "mpelekeni zahanati", halafu? Baba yuko machungani, nauli haipo, bodaboda anataka hela mbele, mvua imekata barabara. Karatasi inawekwa chini ya godoro mpaka kesho. Rufaa isiyofika ni sawa na mgonjwa ambaye hakuonwa. Kwa hiyo kitongoji kiwe na majibu kabla ya siku hiyo. Waendesha bodaboda watatu au wanne wakubaliwe mkutanoni, majina na namba zao ziandikwe ukutani kwa balozi na kwa mhudumu, na bei ya kwenda zahanati mchana na usiku ipangwe mapema. Vikoba vingi tayari vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba. Ongezeni humo kifungu cha dharura ya mgonjwa kinachotolewa saa yoyote kwa neno la watu wawili, bila kusubiri kikao cha Jumamosi. Inashangaza jinsi tunavyochanga haraka kwa jeneza na polepole kwa nauli.

Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, Tanzania ina namba 115 ya mfumo wa m-mama, unapiga bure. Anayepokea huuliza maswali, hupanga usafiri, ama gari la wagonjwa au dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa, na dereva hulipwa na mfumo, si na mgonjwa. Kila kaya yenye mimba iwe na namba hiyo kwenye simu, na mhudumu ajaribu kujua mapema madereva waliosajiliwa karibu nanyi ni nani. Kama hakuna hata mmoja, hilo ni swali la kupeleka halmashauri leo, kabla ya uchungu wa mtu kuanza.

Mgonjwa akienda, aende na kadi ya kliniki, karatasi ya mhudumu, na mtu anayeweza kueleza ugonjwa ulivyoanza. Mjamzito aende pia na jina la aliyekubali kumchangia damu. Kisha dai la upande wa pili: zahanati imrudishie mhudumu neno. Mgonjwa alifika? Alipewa nini? Afuatiliwe lini? Pasipo majibu hayo mhudumu anafanya kazi gizani, na mara nyingi anasikia habari za mgonjwa wake msibani. Mganga mfawidhi anaweza kuwa na shughuli nyingi, lakini mstari mmoja nyuma ya karatasi ile ile haumchukulii dakika moja. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure katika vituo vya serikali. Mkiambiwa mnunue glavu na pamba, mhudumu aandike, na jambo hilo lijadiliwe kwenye vikao, sio kwenye foleni.

Nilisema nitarudi kwenye mdomo. Mhudumu atajua nani anatumia dawa za kufubaza virusi, msichana gani anatumia sindano ya uzazi wa mpango, mzee gani ana kifua kikuu. Taarifa moja ikivuja, kaya kumi zitafunga milango, na hizo ndizo zenye wagonjwa. Kitongoji kikubaliane mapema: atakayetoa siri anaondolewa, na malalamiko yapelekwe kwa nani. Lakini haki itendeke pande zote. Msimbane. Mume asimuulize mhudumu mkewe alikwenda kliniki kufanya nini. Mama mkwe asiombe kuona daftari. Mwenyekiti asidai orodha ya wenye Ukimwi "kwa ajili ya maendeleo". Hapewi, hata akiwa mwenyekiti.

Na msimgeuze mjumbe wa kila kitu. Leo anagawa vyandarua, kesho anakusanya michango ya madarasa, keshokutwa anaitwa kuhamasisha mkutano wa siasa. Akishaonekana na risiti za michango mkononi, siku akipiga hodi kwa habari ya chanjo watu watatokea mlango wa nyuma. Mwacheni awe wa afya tu.

Tuje kwenye hela. Historia ya kazi hii nchini ni historia ya kujitolea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi. Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, nchi za dunia zilikutana Alma-Ata na kutangaza afya ya msingi kwa wote, na vijiji vyetu vikapata wahudumu waliofundishwa kwa wiki chache na kurudishwa nyumbani. Waliahidiwa kwamba kijiji kitawatunza. Kijiji kiliwatunza kwa muda, mavuno yakawa mabaya, wakarudi mashambani. Baadaye wakaja wafadhili na posho za semina, na miradi ilipoisha, wahudumu nao wakaisha.

Kwa hiyo mtu akisema mhudumu wa afya afanye kazi kwa moyo wa kujitolea, muulizeni yeye mshahara wake anaupokea tarehe ngapi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema walipwe kulingana na kazi wanayofanya na saa wanazotumia, tena malipo yasitegemee zaidi takwimu za utendaji, kwani anayelipwa kwa kila aliyemwandikia rufaa ataandika rufaa hata kwa wazima. Kenya, ambako Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na takriban kaya 100, wamekubaliana posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Si fedha nyingi, lakini iko kwenye bajeti na mtu anaweza kuulizwa imefika au haijafika. Rwanda wahudumu wameunganishwa katika vyama vya ushirika, wanapata malipo kupitia huko na kuanzisha miradi yao. Zanzibar, mpango wa Jamii ni Afya ulioanza 2019 uliwapa wahudumu wa shehia simu zenye programu inayowaongoza swali kwa swali na kuwakumbusha nani anastahili kutembelewa.

Kwenu, jueni posho ya mhudumu inatoka wapi na inapaswa kufika lini. Msiifanye siri. Ikichelewa, kijiji kiulize pamoja naye, asiachwe aulize peke yake na kuonekana mlalamishi. Mkitaka kuongeza kitu chenu, kiwe kile mnachoweza kukitimiza mwaka mzima: kumwondoa kwenye michango na kazi za msaragambo, kumkarabatia baiskeli, kumlimia robo eka wakati wa masika kwa kuwa yeye anatembea majumbani. Ahadi ndogo inayotimizwa itamweka kazini kuliko ahadi ya fedha isiyofika.

Baada ya posho ni vifaa, na hapa nakerwa zaidi. Mhudumu asiye na ORS, utepe wala kipimo kilicho hai ni mtu wa kutoa pole tu. Mara ya kwanza watu watampokea, mara ya pili watamsikiliza nusu, mara ya tatu watajua hana kitu na watakwenda duka la dawa moja kwa moja. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Maana yake ni kwamba mpango wa matumizi unaandaliwa karibu nanyi kuliko zamani. Mjumbe wenu kwenye kamati ni nani? Wengi hawamjui. Mtafuteni, mumwambie aulize kwenye kikao kijacho ni pakiti ngapi za ORS zimetengwa kwa wahudumu, na nesi gani anapangiwa kutoka nao mara moja kwa mwezi. Usimamizi huo wa nesi una thamani kuliko semina: anaingia na mhudumu nyumba tatu, anamwangalia anavyohesabu pumzi, anamrekebisha papo hapo, na watu wanaona kwamba zahanati inamtambua.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, uwe na dakika kumi za afya. Mhudumu asisome majina ya watu. Asome hesabu: wajawazito wapya wangapi, waliojifungulia nyumbani wangapi, watoto wangapi hawajarudi kwa chanjo ya pili ya surua ya miezi 18 (hiyo ndiyo inayosahaulika sana, kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na mama anaona amekua), rufaa ngapi ziliandikwa na ngapi zilifika. Wananchi waulize, wasipige makofi tu. Rufaa tano kati ya kumi hazikufika, kwa nini? Daraja? Bodaboda? Au watu wanaogopa maneno ya nesi wa zamu? Jibu linaweza kuwa la aibu kwa mtu, na bado lisemwe, kwa adabu, kwenye kikao.

Kuna kazi nyingine ya mhudumu isiyoonekana mpaka siku ya hatari. Magonjwa ya mlipuko huanza kama minong'ono: watu wawili wa ukoo mmoja wamekufa wakitokwa damu, watu wa mtaa fulani wanahara maji kama ya mchele. Machi 2023 mlipuko wa ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera, kila aliyekutana na wagonjwa alipaswa kutafutwa na kufuatiliwa siku 21, na kazi ya namna hiyo haifanywi na mgeni anayeuliza njia. Mkiona jambo la ajabu, mwambieni mhudumu siku hiyo hiyo. Asiambiwe mwisho, baada ya mganga wa kienyeji, mchungaji na shehe.

Mjini mambo ni mengine. Kwenye mitaa ya Dar es Salaam au Mwanza mhudumu anakutana na geti, mbwa, na dada wa kazi anayesema mwenye nyumba hayupo. Nyumba ya kupanga ya vyumba nane ina kaya nane, na nusu yake watahama kabla ya mwaka kuisha. Ushauri wangu kwa mwenye nyumba: mtambulishe mhudumu kwa wapangaji, na mpangaji mpya mwenye mtoto mdogo au mimba aelekezwe kwake kama unavyomwelekeza dukani. Kwa wenye mageti: dada wa kazi naye ni mtu wa kaya yako, ana haki ya kuulizwa hali yake bila wewe kusimama pembeni. Na mhudumu aje Jumamosi jioni au Jumapili. Akija Jumanne saa nne asubuhi atasalimiana na makufuli.

Mwisho, mhudumu akiondoka. Ataondoka tu siku moja, kwa ndoa, masomo au kuchoka, na wala si usaliti. Daftari la kaya si mali yake, ni la zahanati, na lirudishwe likiwa limejazwa hadi siku ya mwisho, pamoja na simu na vifaa, mbele ya mtendaji na mganga mfawidhi. Mrithi wake atembezwe nyumba kwa nyumba na yule anayeondoka, atambulishwe kwa kila mama mwenye mimba na kila mzee wa dawa za kila siku. Mkisubiri awamu ijayo ya mafunzo bila kumtaja mtu wa kushikilia, wekeni majina ya hao wenye mimba mikononi mwa yule mwenzake aliyebaki, na halmashauri iandikiwe barua wiki hiyo hiyo, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, ikitaja kitongoji, tarehe aliyoondoka na idadi ya kaya zilizobaki bila mtu.